Uwanja Tambarare wa Shangazi

Juzi, stendi ya Ngara, nilimwona kijana wa bodaboda akipuliza kabureta kwa mdomo, mashavu yamemvimba. Harufu ya petroli ikanirudisha kwetu mlimani.

Pikipiki ya baba ilikuwa haiwaki kwa kiki, iliwaka ikisukumwa kwenye mteremko tu. Kwa hiyo baba alitembelea watu wa mteremkoni peke yao, nami nikidhani hao ndio aliowapenda. Dada yake wa Murukulazo, aliyejenga mahali tambarare, niliamini wamegombana.

Mchana mmoja baba aliifungua kabureta juu ya gunia, akaiosha, akapuliza vitundu vyake huku akitema petroli. Alipoirudisha, alipiga kiki mara nne bure. Ya tano, injini ikanguruma.

"Panda, mwanangu. Twende kwa shangazi yako."

Shangazi alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Nilimwamkia shikamoo, asinisikie kwa kelele, maana baba alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki inayounguruma.

"Kaka, zima basi! Au hukai?"

Baba aliutazama ule uwanja uliolala sawa kama meza. Akautazama uso wa dada yake. Akazima.

Mimi nilidhani amezima ili tusalimiane vizuri. Sasa najua alikuwa amekwisha kukubali yatakayompata.

Jioni kiki ilikataa kabisa. Tuliisukuma pikipiki mpaka mteremko wa kwanza, mbali sana, na njia nzima baba alikuwa akipiga mluzi.