Sombe ya Kule Chini

Straton alirudi kutoka machimbo ya kasiterite ya Walikale mwaka ule kamyo za mizigo zilianza kupanda mpaka Nyabiondo milimani, na kitu cha kwanza alichofanya nyumbani kwake ni kukataa maharagi. Kama angesukuma sahani, bibi yake angejua la kumujibu. Lakini yeye alikula kidogo, akavuta pumzi kama ng'ombe anayetafuta mahali pa kulala, akasema: "Kule chini wanajua kupika sombe."

Kesho yake akasema vile vile juu ya viazi. Kisha juu ya mahindi.

Bibi yake aliitwa Emérita, na maharagi yake hayakuwa ya kuchezea. Harufu yake ilivuka bonde, ikapanda upande wa pili, ikabisha hodi kwa watu. Kuna padri alikuwa anapita na pikipiki yake, harufu ikamukuta katikati ya mulima, akazima injini, akakaa pale mpaka jua likageuka, ameshindwa kukumbuka ni wapi alikuwa anaenda. Asiyeamini akaulize wale waliomusukuma.

Maharagi hayo njo Straton aliyaacha nusu sahani.

Na Emérita alikuwa anamupikia kwa heshima yote ya milima. Kwao muntu muzima haonekani anakula. Chakula kinaingizwa ndani, nyuma ya ukuta wa matete, mulango unafungwa, watoto wanafukuzwa wakacheze mbali, na mwenye nyumba anakula peke yake anaangalia ukuta. Mugeni akibisha, unapangusa mudomo kwanza, unaitika kisha. Sasa kwa sababu Straton alitoka mbali na alikuwa amechoka, Emérita alimuongezea heshima: aliziba hata dirisha. Straton akawa anakaa mule gizani na sahani yake kama mufungwa, na anakonda. Suruali aliyorudi nayo aliifunga na kamba, kisha akaikunja mbele, kisha akaikunja na nyuma.

Kilichomuuma Emérita zaidi ni hiki: kapita, yule musimamizi wa machimbo, alikuwa apite tena na kamyo kukusanya watu, siku ya soko, mavuno yakiisha. Na Straton alikuwa amesema polepole, bila hata kugombana, kwamba kama mwili wake utaendelea kukataa chakula cha milima, basi atapanda kamyo. Emérita hakutaka apande. Miaka yote ile ya kungojea alikuwa anazungumuza na mbuzi, na mbuzi walikuwa wameanza kumujibu, tena kwa jeuri.

"Hiyo sombe wanaipika namna gani?" akamuuliza.

"Iko sombe tu, majani ya muhogo. Lakini kule wanajua."

"Nani anajua?"

"Wale wa kule."

Muntu amekula kitu miaka, na hajaangalia hata siku moja ndani ya chungu. Emérita akaona heri aulize ukuta wa matete.

Pale Nyabiondo majani ya muhogo walikuwa wanawaachia hao mbuzi. Wakati Emérita alianza kuyachuma, mbuzi wenyewe walimuangalia kama mwizi. Mpishi wa sombe hakuwako, lakini wapenda chakula walikuwako, na walijulikana. Hakuna aliyewahi kuwaona wakikula, lakini matumbo yao yalikuwa yanatoa ushahidi.

Wa kwanza alikuwa katekista Polycarpe, ambaye tumbo lake lilikuwa linaingia kanisani, linachagua nafasi, kisha yeye mwenyewe anafika. Polycarpe alifunga macho kabla ya kujibu, kama anasali. Alisema sombe bila karanga ni chakula cha mifugo. Karanga nyingi, na siagi ya ng'ombe, na Mama Emérita asiihurumie hiyo siagi.

Emérita akatwanga majani mpaka mikono ikawa ya kijani, akatia karanga, akatia siagi. Ile sombe ikashika mwiko. Akavuta mwiko, chungu kikaja pamoja nao. Straton akaonja, akasema kule haikuwa hivi.

Akaenda kwa jirani yake Adelaïde, ambaye alizaliwa upande wa Walikale akaolewa huku milimani, na tangu harusi yake alikuwa bado anasikia baridi. Adelaïde akacheka juu ya karanga mpaka akashika ubavu.

"Polycarpe afundishe katekisimu, dada. Sombe inataka mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Na unayamwanga mwisho, moto ukiisha kuzima. Usiyachome hata kidogo."

Hiyo ilikuwa kweli kwa mahali pa joto. Pale Nyabiondo, wakati Emérita alikuwa anafunga mulango na kuziba dirisha ili Straton akule kwa heshima, baridi ya milima ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya sahani. Mafuta yakaganda juu ya sombe, magumu, mekundu, yanang'aa kama sakafu ya misioni. Kuku alipita juu yake toka upande mumoja mpaka mwingine, wala hakuacha alama ya muguu. Straton aligonga na kidole, akasikiliza mulio, akavuta pumzi.

"Kule," akasema.

"Usimalizie," Emérita akamwambia.

Wa tatu alikuwa Nzabonimpa, aliyekuwa anabeba chumvi na mafuta kwa mabega yake kati ya Masisi na msitu, na kila kituo chake alikikumbuka kwa chakula alichokula pale. Yeye alisema Adelaïde alitoka Walikale akiwa mutoto, anajua nini. Mafuta yanachomwa kwanza, mpaka yapoteze ule wekundu. Emérita akachoma. Moshi ukatoka kwa paa, ukashuka bondeni, ng'ombe wa Masisi nzima wakakohoa. Polycarpe akapiga kengele ya kanisa, watu wakaja na maji, wakamwanga maji ndani ya chungu. Straton akasema ya leo ilikaribia kidogo.

Jumapili kisha Misa, Emérita akawakusanya wote watatu mbele ya kanisa ili wapatane. Hilo lilikuwa kosa. Polycarpe akasema karanga, Adelaïde akasema mafuta mabichi, Nzabonimpa akasema mafuta ya kuchomwa. Polycarpe akasema pale Hombo, kwa barabara ya Bukavu, kuna mama anapikia madereva, sombe yake ina karanga, na madereva wanafunga breki hata kama hawana njaa. Nzabonimpa akasema pale Hombo aliwahi kukula, akaona sombe ndani ya muchanga, badala ya muchanga ndani ya sombe. Mahali ni Mpofi tu, kwa Joséphine-Marie, kibanda chenye meza ndefu, wachimbaji wote wanapita pale. Adelaïde akauliza huyo Joséphine-Marie alijifunzia wapi. Wakasahau kabisa kwamba kuna mwanamuke aliuliza kitu. Emérita akasimama katikati yao kama muti wa kufungia mbuzi, anageuza kichwa huku, anageuza kule. Kisha akaenda zake, na hakuna aliyeona.

Akafunga kikapu, akamwambia Straton anaenda kuona shangazi, akashika njia ya Mpofi.

Njia ile alitelemuka na hasira. Kila kijito alichovuka alikitukana. Joto lilipoanza akavua shali, na ndizi zilipoanza kuwa nyingi na milima ikaanza kulala chini, akajua amefika kule chini ambako wanajua.

Joséphine-Marie alikuwa mwanamuke mufupi, mwenye mikono minene na jicho la kucheka. Hakuuliza kitu. Alimupatia sahani ya sombe na ndizi, akamuonyesha nafasi kwenye meza ndefu, kati ya wanaume wenye udongo mpaka kwenye masikio. Emérita akasikia haya ikimupanda mwilini kama siafu. Akachukua sahani yake, akazunguka nyuma ya kibanda, akageukia migomba, akaonja.

Akaonja tena, labda ulimi ulikosea.

Sombe ile haikuwa kitu. Majani yalikuwa yametwangwa na muntu mwenye haraka, chumvi ilikuwa nyingi, na samaki alikuwa amepita tu kusalimia. Emérita alikaa pale na mafuta yanamutiririka kwenye kiganja, akafikiria vile vilima vyote nyuma yake, vile alikuwa avipande tena, na hasira ikamushika. Akarudi mbele, akaweka sahani kwenye meza kwa nguvu.

"Mama, hii njo sombe wanaimba mpaka Nyabiondo?"

"Nani anaiimba?" Joséphine-Marie akashangaa. "Hata mimi mwenyewe siipendi."

Emérita akataja jina la Straton. Joséphine-Marie akapiga makofi, akawaambia wale wanaume kwamba huyu njo bibi ya Straton, na meza yote ikacheka kwa namna ambayo Emérita hakuipenda.

"Dada, yule bwana yako alinitukana kila siku ya Mungu," Joséphine-Marie akasema. "Anakaa pale mwisho ya meza, anasema hii si chakula, chakula ni maharagi ya bibi yangu. Mwenzake anajibu, bibi yako anajua nini, chakula ni sombe ya mama yangu. Wanabishana, wanabishana, na mukono unaingia ndani ya sahani. Nikigeuka, chungu iko tupu."

"Straton? Mbele ya watu?"

"Mwanzo alikuwa anaenda nyuma kwenye migomba, kama wewe sasa. Alikonda mpaka nikaogopa atanifia pale, watu waseme niliua muntu. Wakamukokota wakamuketisha. Tangu ile siku alikula kama kamyo inakunywa mafuta."

Emérita akaangalia ile meza. Mwanaume mumoja alikuwa anatukana ndizi, anasema zilipikwa na adui, na wakati anasema akavuta ya mwenzake. Mwenzake akamupiga kwenye mukono, akavuta samaki wake. Hakuna aliyekuwa anaangalia ukuta. Emérita akakumbuka lile dirisha, namna alilipaka udongo kwa mikono yake mwenyewe, vizuri, pasipite hata upepo, na akajisikia kama anataka kulia na kupiga muntu.

Kupanda alipanda na hasira mbili. Mavuno yote yale ya kutwanga, moshi, kengele, karanga za watu, kumbe bwana yake hakuwa na hamu ya sombe hata siku moja. Na mwenyewe hakujua kitu alichokosa, alikuwa anataja majani. Njiani alikuwa anajibizana naye kwa sauti, na akamushinda kila mara.

Alifika asubuhi ya siku ya soko. Straton alikuwa anafunga mufuko wake. Hakumuuliza habari ya shangazi. Alisema kamyo itapita jua likipanda.

Emérita akawasha moto. Alipika sombe vile mukono ulivyotaka, mafuta kidogo mabichi, kidogo ya kuchomwa, karanga kwa sababu zilikuwako. Kisha akangoa mulango wa nyumba, akaulaza inje juu ya mawe, mahali ambapo barabara yote inaona, akaweka chungu juu yake. Akawaita Polycarpe na Nzabonimpa, na Adelaïde hakungoja kuitwa.

Straton akatoka, akaona, akashika kichwa. "Emérita, watu wataona."

"Waone. Keti."

Wakaketi kama watu walioletwa mbele ya hakimu. Polycarpe alikuwa anaficha mudomo nyuma ya kofia. Watu waliokuwa wanaenda soko walipunguza mwendo, mwanamuke mumoja akafunika macho ya mutoto wake. Straton alichukua kidogo na ncha za vidole, akaangalia chini, akameza kama dawa, akasimama. Mufuko ulikuwa karibu na muguu wake. Emérita akasikia mushindo wa kamyo toka bondeni.

Adelaïde njo alishindwa kunyamaza. Akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemea, kwamba mafuta haya yalichomwa.

"Hayakuchomwa ya kutosha," akasema Nzabonimpa.

Kofia ya Polycarpe ikashuka. Akawaambia kwamba wote wawili wana bahati kuna karanga, ao chungu chote kingeharibika. Nzabonimpa akasema karanga njo zilikiharibu. Straton akageuka.

"Nyinyi hamujui kitu," akasema, na akaketi. "Mumeenda wapi nyinyi? Kule Mpofi, wanatia..." Akachukua donge, akaonyesha nalo, akalikula. "Hata wale wa Mpofi hawajui. Chakula ni maharagi. Muntu mwenye hajakula maharagi ya huyu mwanamuke asiniambie neno la chakula."

"Siku zote hukuniambia hivyo," Emérita akasema.

Hakumusikia. Polycarpe alikuwa amegusa upande wake wa chungu, na ilibidi amurudishe. Kamyo ikafika pale chini, kapita akapiga honi, akapiga tena, akaita majina. Straton akapunga mukono uliopakaa sombe bila kugeuka, kama unavyofukuza inzi, kwa sababu Nzabonimpa alikuwa katikati ya kusema uongo juu ya Hombo, na uongo ule haungeweza kuachwa hivi. Kamyo ikanguruma, ikazunguka kona.

Kesho yake walikuja kabla moto haujawaka. Kesho kutwa Polycarpe akamuleta shemeji yake, anayejua sana habari ya ndizi. Wakakaa kwenye mulango, wakamwambia Emérita toka mbali namna ya kupanga kuni, namna ya kufunika chungu, na kwamba jana maji yalizidi. Straton akakubali kwamba maji yalizidi. Suruali yake ilikuwa inakunjuka mbele na nyuma.

Emérita akaweka mwiko chini. Akachukua sahani yake, akatoka nayo inje, akaketi kati yao, mwanamuke, mchana, na barabara inaona. Akakula polepole, akatafuna mpaka mwisho, akapangusa mudomo.

"Kweli maji yalizidi," akasema. "Kesho atapika yule anayejua kupita wenzake. Iko nani?"

Polycarpe akaangalia mawingu. Nzabonimpa akakumbuka chumvi yake. Straton akageuka akaangalia barabara, mahali kamyo ilipita, lakini vumbi lilikuwa limekwisha kutulia zamani.