Kanda Iliyofuta Tromboni ya Baba

Belo la mitumba likikatwa kamba hutoa harufu ya dawa ya kuchoma pua, na nyuma ya dawa inakuja harufu ya kabati la mtu usiyemjua. Harufu hiyo ndiyo iliyonilea. Mama aliuza majaketi Kariakoo chini ya turubai, na mimi leo nina maduka manne ya spika mtaa uleule. Shule niliishia darasa la saba, na wenye digrii zao wananiita bosi. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanionea huruma huko mbele. Kama kuna wa kuhurumiwa, ni mwingine.

Vuli moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilipekua mfuko wa jaketi jeusi nikakuta kanda ya kaseti. Wenzangu walikuwa wakiokota sarafu za kigeni na tiketi za treni, mimi nikaokota muziki. Kwenye jalada walikuwepo vijana wa Kizungu waliovaa tai na kaptura, wawili wameshika tarumbeta na mmoja tromboni. Nikampelekea Anna, binti wa Mchagga mwenye duka la jumla mbele ya nyumba tuliyopanga, ambaye alikuwa sekondari na hakuchoka kutukumbusha. "Bendi ya ska na panki, muziki wa mbio na matarumbeta," akasoma. "Huu ni mkusanyo wa makombo yao. Nyimbo walizoziacha, na nyingine wamerekodi jukwaani, watu wanapiga kelele." Nikamwuliza nani ananunua makombo. "Si nyinyi mnauza nguo walizovua?" akanijibu.

Baba alikuwa mpiga tromboni katika bendi ya shirika moja la umma, na msimu ule shirika lilikuwa linaivunja bendi. Mwisho wa mwezi vyombo vyote virudishwe stoo. Hata bendi nyingine za mjini hazikumtaka, kwani zilishanunua vinanda vya umeme, na kijana mmoja kwa kidole kimoja alikuwa anapiga tarumbeta zote. Wiki nzima Baba alishinda uani. Nilipotia ile kanda kwenye redio yake ya kaseti mbili, ngoma zikaanza kukimbia kama zinafukuzwa na mbwa, gitaa likikatakata, halafu juu yake yakaingia matarumbeta, mapana, yenye kiburi. Baba akasimama. "Hawa watoto wanapuliza!" akasema. "Wanakimbia kama wameiba, lakini wanapuliza!" Katika wimbo mmoja mpiga tromboni alikosea, watu wakacheka, naye akaanza upya. Hapo Baba akarudisha nyuma mara nne. "Kosa lao wameliacha," akawa anasema. "Wameliacha lisikike."

Jumapili ya mwisho kabla ya kurudisha chombo, aligeuza ndoo, akaikalia, akatia kanda tupu redioni, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Alikohoa, akataja jina lake kamili kama mtangazaji, kisha akapuliza vipande vyote alivyotunga ambavyo bendi yake haikuwahi kuvitaka. Masufuria ya Mama yaligongana, kitoto cha jirani kilikuwa kinalia, muuza maji akapita akiita wateja, na Baba hakusimama. Alijaza upande mmoja. Halafu akavunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe tena, na Jumatatu akarudi nyumbani mikono mitupu.

Haikupita wiki mbili, Shomari, kiongozi wa bendi ya hotelini iliyokuwa ikijiandaa kwenda kupiga Uarabuni, akatuma salamu kwamba anatafuta tromboni. "Niletee kanda nikusikie," alisema. "Chombo nitakupa mimi." Baba hakuwa na kitu kingine duniani cha kumwonyesha isipokuwa kanda ile.

Sasa nisikilizeni mimi. Vijana wa mitumba walikuwa wameipenda kanda ya Wazungu, na Chande, muuza viatu, akataka ile yenyewe, na jalada lake. Nikapiga hesabu ya kibiashara: nimuuzie ile, nibaki na nakala ya kuzalishia nyingine. Kanda tupu sikuwa nayo, ila ya Baba ilikuwa na upande usio na kitu. Nikaziba kwa karatasi matundu ya vile vidude alivyovunja, ili irekodi tena. Sikusikiliza kwanza nijue upande upi ndio mtupu, maana Baba alikuwa amekwenda kunyolewa kwa ajili ya Shomari, nikaona atanikuta. Nikanakili haraka haraka, nikatoa karatasi, nikaitafuna, nikaimeza. Nilijiona mjanja kuliko Kariakoo nzima.

Asubuhi iliyofuata Baba alinichukua nikamsindikize. Alivaa shati la jukwaani. Barazani kwa Shomari walikuwepo wapigaji watano wanakunywa kahawa. Redio ikabonyezwa, wakatoka Wazungu. Baba akatabasamu, akageuza upande. Ukatoka mvumo mtupu. Akageuza tena, Wazungu tena. "Mzee mwenzangu," Shomari akamwambia, "hapo unaimba lugha gani?" Baraza zima likaangua kicheko. "Labda ameoga na sabuni ya kung'arisha ngozi!" akaongeza mpiga besi. Baba aliitoa kanda taratibu. "Nimekosea mwenyewe," akasema. "Niwieni radhi." Shomari akamwambia aje siku nyingine na kitu cha kueleweka, na wote tulijua hakuna siku nyingine.

Tulipofika viwanja vya Mnazi Mmoja akakaa kwenye majani. "Wewe hukuigusa?" akaniuliza. "Sikuigusa, Baba." Akaniangalia, akaamini. "Basi nilinakili ya Wazungu juu yake kabla sijavunja vile vidude," akasema. "Nilikuwa nazishikashika zote mbili siku ile." Akanipapasa kichwa. Miaka ishirini na kitu iliyofuata alilinda ghala la mtu huko Mchafukoge.

Mwanangu amenionyesha juzi kwenye simu: mkusanyo uleule wa wale Wazungu umetolewa upya, umesafishwa, kila kikohozi kipo na kile kicheko kipo. Mimi nauza spika za kutikisa mtaa, na hakuna hata moja inayoweza kunitolea Baba akitaja jina lake.

Baba anaishi kwangu. Mwaka jana nilimletea tromboni mpya kutoka China, nikaifungua mbele ya mke wangu, wanangu na mafundi wangu wawili, nikitaka waone mtoto aliyefanikiwa anavyomtunza mzazi. Akaipakata, akaivuta mara moja, akafungua mdomo kunionyesha. Meno ya mbele hayapo. "Safari ya Uarabuni hainiumi, mwanangu," akasema. "Kinachoniuma ni kwamba niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe."

Wote walikuwa wananiangalia. "Achana nayo, Baba," nikasema, "ya zamani hayo." Akaitika kwa kichwa, akairudisha tromboni kwenye sanduku lake, na akaniomba radhi kwa gharama.