Nilivyompigia Farasi Magoti

Nimewahi kumpigia farasi magoti nikamwomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuma bega.

Cheka tu, ila soma mpaka chini.

Mwaka 2001, vita bado vinawaka kwetu Fizi, Kongo, nilikuwa mkimbizi katika kambi ya Dzaleka, Malawi. Nikabahatika kupata kazi ya kutunza farasi kwenye shamba moja nje ya Lilongwe, kupita Kanengo. Mwenzangu alikuwa Mzee Ciza, Mrundi aliyekulia katikati ya ng'ombe.

Palikuwa na farasi dume mmoja mzee, hapandwi, havuti hata mkokoteni. Tulimwita Chef, yaani mkubwa, maana hupiti mlangoni kwake bila kutozwa kitu, kama kwenye vizuizi vya askari barabara ya Uvira. Kofia, kola, nyama ya mkono, alipokea chochote.

Kila wiki nilimchongea kwa bosi: "Uza huyu, anakula bure." Bosi akakubali. Mnunuzi wa ngozi kutoka Kawale, mjini, angekuja Ijumaa.

Jumatano farasi jike akazaa.

Watoto wake wawili wa kwanza walikufa kwa nimonia. Bosi alishaapa: "Na huyu akifa, nafunga banda, mnarudi kambini."

Mzee Ciza akachukua ndoo. "Kwetu maziwa ya kwanza njo ya batoto ba nyumbani. Ni baraka."

Nami, mjuaji, nikamshika jike. Tukakamua mpaka tone la mwisho. Ciza akapanda nayo minibasi, yakapikwa yakaganda, watoto wa Dzaleka wakalamba vidole.

Kesho yake akaja Docteur Louise, daktari wa mifugo, mwanamke wa Bukavu asiyecheka ovyo. Akapima damu ya mtoto, akakunja uso.

"Huyu mutoto hana kinga hata kidogo. Banazaliwaka bila kinga, banaipata mu maziwa ya kwanza. Ilienda wapi?"

Ningeweza kudanganya. Nikamtazama yule mtoto, miguu inamtetemeka, nikashindwa.

"Iko Dzaleka, docteur. Mu tumbo ya batoto."

Ciza akavua kofia.

"Basi tuombe Chef damu," akasema daktari.

Kumbe miezi yote ile alikuwa akimchoma Chef sindano za vijidudu vya nimonia vilivyouawa, ili damu yake ijifunze kupigana navyo. Mimi na bosi tulidhani anamtibu uzee!

Akatoa damu mfuko mzima, akaiacha itulie. Nyekundu ikazama, juu yakabaki maji ya manjano kama mafuta ya kupikia ya msaada. Hayo, yenye kinga, ndiyo tuliyomwingizia mtoto mshipani, taratibu.

"Si uhakika," akaonya. "Tumemupatia silaha tu."

Ijumaa bosi akamrudisha mnunuzi getini. Niliona haya, jamani. Nikaenda kwa Chef, nikapiga magoti. Habari za bega mnazo.

Miezi mitatu, kila asubuhi, nilihesabu pumzi za yule mtoto huku nikiomba. Hakukohoa hata mara moja. Siku daktari aliposema hatari imepita, nikalia, nikamkumbatia yule mtoto shingoni.

Akaniuma. Bega lilelile.

Mzee Ciza akagaagaa kwa kicheko: "Damu ya Chef njo hiyo! Lipa ushuru!"

Ndugu yangu, mzee asiye na kazi nyumbani kwako usimtafutie mnunuzi. Hujui amebeba nini cha kumwokoa mwanao.

Ila ukienda kumshukuru, vaa koti zito.