Tulivyomsafishia Fundi Nyumba

Mtaani kwetu wote tunamwita Fundi. Bibi wa miaka sabini na nne, macho yameshakwisha, anaona vivuli tu, lakini anaishi peke yake na cherehani yake. Suruali anaipinda kwa vidole. Ukimletea dharau anakwambia, "Kiuno chako nimekipima kabla hujaota kitambi, usinitishe."

Anawezaje? Kila kitu kina mahali pake. Toka kitandani hadi kwenye jiko, hatua nne. Kiberiti dirishani, kushoto.

Mafuriko yaliingia asubuhi, yakamfika kiunoni. Jirani yake seremala akambeba mgongoni. Wiki nzima akalala kwenye darasa la shule, anauliza kitu kimoja tu: "Narudi lini kwangu?"

Mwanawe akasema, "Mama, ukirudi ukaweza kujipikia chai, sikusumbui. Ukishindwa, unahamia kwangu."

"Chai?" Fundi akacheka. "Wewe uji wako nilikuwa naupika nimesinzia."

Sisi vijana tukaenda kumsafishia. Tope tulilizoa kweli. Halafu tukajitia ujanja: maji yasije yakaharibu tena, vitu vyote tukavipandisha. Seremala akagongelea rafu karibu na dari. Kitanda tukakigeuza. Tukapiga picha, tukaposti. Fundi mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kurudi, Fundi akaanzia kitandani, akatembea hatua nne, akajigonga ukutani. Akapapasa dirishani. Patupu. Akapapasa tena, taratibu. Sisi tumesimama mlangoni kama magunia. Nilitaka kusema, mwanawe akaninyamazisha kwa mkono.

"Kiberiti kiko wapi?"

"Juu, mama," mwanawe akajibu. "Kwenye rafu."

"Nipe."

"Mama..."

"Nimesema nipe!"

Akapewa. Akakishika muda mrefu bila kukiwasha. "Haya," akasema. "Twende."

Kurudisha vitu mahali pake ingekuwa kazi ya nusu saa tu. Seremala alisema hivyo, nami nikasema. Mwanawe akajibu mvua itanyesha tena, na mama haoni. Hana ubaya yule jamaa, na hilo ndilo linaniudhi.

Sasa Fundi yuko kwa mwanawe, ghorofa ya tatu. Cherehani imebaki kule kwake. Jumapili nilimtembelea.

"Nakula, nalala," akasema. Kisha akashusha sauti: "Mjukuu wangu, choo kiko upande gani? Nimechoka kumwita huyu mkwe wangu."

Nikamwelekeza. Hajafika nusu ya korido, mkwewe akatoka jikoni mbio: "Mama, jamani, utaanguka! Si ungeniita?"

Fundi akamnyooshea mkono, akapelekwa.