Yustina na Swichi ya Mzanini

Yustina Mughwai alikuwa opereta wa simu Singida mjini tangu enzi zile za kuchomeka waya ubaoni na kusema, "Subiri, naunganisha." Miaka kumi na mitano alikaa na visikilizio kichwani mpaka nywele za utosini zikakonda. Halafu yakaja mageuzi. Mashirika ya umma yakagawanywa, mengine yakauzwa, ikaletwa mashine isiyohitaji mtu wa kusema "subiri." Akapewa barua ya kupunguzwa kazi, akarudi kwao Sepuka kulima alizeti na kufuga kuku. Alilia, tena sana. Asikudanganye mtu kwamba alichukulia kawaida.

Lakini Yustina si mtu wa kukaa tu. Akajifunza kompyuta kwa masista, darasa moja na watoto waliomwamkia shikamoo kwanza ndipo wamwonyeshe kitufe cha kuwashia. Mwaka 2004, akiwa na miaka hamsini na miwili, kiwanda kimoja cha mafuta ya alizeti pale mjini kikamchukua aangalie mtandao wake. Majaribio miezi mitatu. Akifaulu, ajira ya kudumu. Akishindwa, kuku wako palepale wanamngoja. Miaka tisa alikuwa ameisubiri nafasi kama hiyo.

Mtandao wenyewe haukuwa wa kutisha. Kompyuta nne ofisini, moja ghalani, moja mzanini, zote zimeunganishwa na swichi tatu, yaani vile viboksi vya bati vyenye matundu ya waya na vitaa vya kijani vinavyopepesa. Kwenye kompyuta ya Yustina kulikuwa na programu ya kuzichunga. Kila dakika tano inaiuliza kila swichi: upo? Unapitisha mizigo, yaani taarifa za kompyuta, kiasi gani? Swichi ikijibu, kidoti kinakuwa kijani. Isipojibu, kinakuwa chekundu.

Wiki ya kwanza ya mavuno umeme uliyumba, na swichi ya mzanini ikaganda. Lori liko juu ya mzani, uzito hauendi ofisini. Yustina akakimbia, akachomoa waya wa umeme, akachomeka tena, swichi ikaamka. Laiti angeishia hapo! Lakini opereta wa zamani ana desturi yake: laini ikiugua, unaipigia, unaipigia tena, hupumziki mpaka uwe na hakika imepona. Akaingia kwenye programu, pale palipoandikwa dakika tano akaweka sekunde tano, na akaiagiza iiulize swichi ya mzanini habari za kila tundu, moja moja. Akaegemea kiti, akajiona yuko kazini kwelikweli.

Kesho yake swichi ikaganda mara mbili. Wiki iliyofuata, mara tano kwa siku. Malori yakapanga foleni mpaka barabarani, wakulima wa Ikungi wakafoka juani kwamba bora zamani, kalamu na daftari. Yustina alikimbia huku na huko, jasho linamtiririka, na kila akirudi kwenye kiti chake aliitazama ile programu kwa shukrani, maana ndiyo iliyokuwa inamwambia mgonjwa kazidiwa.

Meneja, Paskali, alikuwa mtu wa miaka arobaini, mstaarabu, hampiti Yustina bila shikamoo hata siku akiwa amenuna. Yeye akaona mchawi ni Antipasi, mpima mzani, mwenye miguu mirefu na meza ndogo. "Unapiga teke waya," akamwambia. Antipasi akaapa kwamba hajagusa kitu. Paskali akamgeukia Yustina. "Mama, inawezekana ni miguu yake?"

"Inawezekana," Yustina akajibu.

Aibu gani hii! Alijua hana uhakika, ila aliogopa swali linalofuata lingekuwa juu yake. Antipasi akaandikiwa barua ya onyo: mtandao ukisimama tena wiki ijayo, aondoke. Naye alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Ikatokea mjomba wake Yustina akafariki Sepuka. Akaaga, akazima kompyuta yake na kuifunika kitambaa, akaenda msibani siku tatu. Aliporudi, Antipasi alimdaka getini.

"Shikamoo mama! Poleni na msiba. Mama, siku tatu haijaganda hata mara moja!"

"Marahaba, mwanangu," Yustina akasema. Siku tatu malori yamepimwa, na Antipasi alikuwa ameketi palepale na miguu yake mirefu ileile. Kilichokosekana kiwandani ni yeye Yustina na kompyuta yake.

Akaenda kuiwasha. Akaketi mzanini akiitolea macho swichi. Haikupita saa moja, vitaa vikasimama tuli. Akaiamsha, akazima ile programu, na mchana kutwa swichi ikapiga kazi bila kukohoa. Akairudisha programu kwenye dakika tano, bila yale maswali ya tundu kwa tundu. Siku mbili, kimya, kijani kitupu.

Hapo akaelewa. Kile kiboksi kina akili ndogo, kimenunuliwa kwa bei ya chini, kazi yake ni kupitisha mizigo ya wenzake. Yeye alikuwa anakihoji mfululizo, hakijamaliza kujibu hili analeta jingine, mpaka kikalemewa. Ugonjwa ulikuwa ni yeye, na uangalifu wake wote ule.

Sasa basi, nani angejua? Angenyamaza tu, mtandao ungetulia, na ajira angepata kwa sifa. Aliwaza hivyo, nisimpake mafuta. Lakini Antipasi angebaki na onyo lake kwenye faili. Akanyanyuka, akaingia kwa Paskali, akasema yote akiwa amesimama: sekunde tano, maswali, na ile "inawezekana" yake.

Paskali akageuzageuza kalamu. "Wiki mbili malori yamesimama, mama."

"Najua, bosi."

"Kamwambie Antipasi mwenyewe. Ukirudi ndipo tutaongea habari ya kazi yako."

Yustina akashuka mzanini. Mtu wa umri wake kumwomba radhi aliye sawa na mwanawe, mbele ya madereva, si jambo dogo. "Mwanangu, ile swichi nilikuwa naigandisha mimi. Nikaacha lawama ikuangukie. Nisamehe."

Antipasi alimtazama. "Mama, nilishaanza kuamini ni mimi kweli. Nilikuwa nakaa nimekunja miguu juu ya kiti kutwa nzima. Nyumbani nikamwambia mke wangu, labda kweli nina mkosi."

Yustina akaangua kilio palepale. Antipasi akasimama, akamshika mkono na kumpandisha naye mpaka ofisini. Hakubisha hodi.

"Bosi, huyu mama asiondoke."

"Nani kasema anaondoka?" Paskali akauliza. Mezani kulikuwa na barua ya onyo imechanwa vipande viwili, na pembeni yake karatasi za ajira, nafasi ya sahihi ikiwa bado wazi. "Nilitaka akuone uso kwanza. Mama, kaa, usaini."