Mama Shanga na mguu wa fundi mwashi

Saa mbili na nusu asubuhi, chumba cha upasuaji, na Mama Shanga hataki kusemeshwa. Muuguzi huyu wa miaka hamsini na minane anamwaga unga wa saruji ya mifupa bakulini, anachanganya na dawa ya kuua bakteria, anatia kimiminika chenye harufu ya rangi ya kucha, anakoroga. Donge lisiponata tena kwenye glavu, anaanza kuviringisha shanga ndogo kama punje za njugu na kuzitunga kwenye waya.

Kipande kimoja amekibana kiganjani. Hicho ndicho saa yake. Kikipata moto, saruji inakaza, na kama hujamaliza, shauri yako.

"Mwaka wangu wa kwanza nilizubaa," anasema baadaye. "Nikampa daktari jiwe. Alinitazama tu. Heri angenigombeza."

Leo hakuna kuzubaa. Mezani amelala fundi mwashi aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi miaka miwili iliyopita. Muundi ulivunjika, ukaungwa kwa chuma, kisha ukatunga usaha. Amesafishwa mara mbili, na mara mbili usaha umerudi. Daktari hakumficha: safari hii ikishindikana, mguu unakatwa.

Dawa ya kumeza haifiki vizuri penye mfupa uliokufa. Shanga hizi zitakaa humo humo, zikiachia dawa kidogo kidogo.

Jana Mama Shanga alipita wodini kumjulia hali.

"Mama, nasikia mnanitia saruji," mwashi alimwambia. "Mchanga mnaweka kiasi gani?"

"Wewe lala. Hapa fundi ni mimi."

Mkewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akalia kweli, na Mama Shanga akakaa naye kwenye benchi, kamshika mkono, bila kumwambia nyamaza.

Shanga thelathini zinaingia. Idadi inaandikwa ubaoni, maana kilichoingia lazima kitoke.

Wiki sita baadaye zinatolewa. Mama Shanga anahesabu kwa sauti, na hesabu inatimia. Usaha haupo. Daktari anakwangua mfupa, nao unatoa damu nyekundu, safi.

"Mzima huu," anasema.

Mama Shanga anageukia ukutani kidogo. Aliyevaa glavu safi haruhusiwi kujifuta uso, basi anayaacha machozi yaishie kwenye barakoa.

Bado kuna kupandikizwa mfupa, na miezi ya magongo. Mama Shanga mwenyewe amebakiza miaka miwili kustaafu. Nyumba yake imeezekwa, lakini kuta hazijapigwa lipu, na wanawe wanamsumbua kila wakija: Mama, mafundi wamejaa mtaani, unangoja nini?

"Fundi ninaye," huwajibu. "Anajifunza kutembea."