Iko Ndani ya Blanketi

Bandugu, mucheke tu, mimi mwenyewe nimeshindwa kunyamaza.

Muke wangu Neema, mimba ya mwezi wa tisa, aliona kwenye simu bakuli la wali wa Kivietnamu: kuku wa tangawizi na mchaichai, aliyepikwa polepole ndani ya sufuria ya umeme. Akaitamani sana. Hapa mujini Baraka umeme wangu ni taa moja ya sola. Nikachemsha kuku, nikafunga sufuria mu blanketi, nikailaza kitandani iive kwa joto lake.

Mama yangu akapiga simu kutoka kwao Swima. "Iko namna gani?"

Aliuliza habari za Neema. Lakini kwetu "iko" ni ya muntu na ya sufuria vilevile, na akili yangu yote ilikuwa kwa sufuria.

"Iko muzuri, mama! Nimeifunga mu blanketi, iko kwa kitanda."

"Yesu wangu! Iko nzito?"

"Nzito! Nilibeba na mikono mbili!"

Alasiri mama akaingia na bamama ba kanisa, vigelegele mpaka barabarani. Akakumbatia blanketi, akaruka. "Mutoto iko na homa!"

Akafunua. Mguu wa kuku ukamutazama.

Neema akatoka kuoga, tumbo mbele.

Mama akanitazama, akatazama kuku.

"Kweli, inafanana na baba yake."